Jiwe la Mwinuko wa Mikese

Kati ya madereva wa malori wanaokaa Kihonda, Hatibu ndiye aliyesifika kwa kulala. Wenzake walimwita Mzee wa Kitanda, naye alicheka, maana jina lenyewe lilimpendeza. Kila aliporudi kutoka Tunduma simulizi yake ilikuwa ileile: macho yakianza kuwa mazito anaegesha, anapumzika masaa mawili, ndipo anaendelea. Hata ukweni kwake Kinole, huko milimani, walijua. Mama mkwe wake, Mama Shamsia, aliwahi kusema mbele za wageni kwamba binti yake Sabra amepata mume mwenye akili.

Jumanne moja asubuhi, akitoka bandarini na shehena ya mbolea, usingizi ulimkamata kwenye mwinuko karibu na Mikese. Aliegesha pembeni, na kwa kuwa hakuiamini breki ya mkono, akaokota jiwe kubwa akaliweka nyuma ya tairi la trela. Akajinyoosha kwenye kiti. Simu ilipomwamsha aliwasha gari na kuondoka, macho yakiwa bado yamejaa ukungu.

Habari zilimfikia Makambako, sahani ya wali iko mbele yake. Sabra alipiga simu kusema kwamba mdogo wake, Abeid, aliyekuwa akipeleka ndizi Mikese kwa pikipiki, amegonga jiwe lililoachwa kwenye mwinuko, Jumanne ileile kabla ya adhuhuri. Amevunjika paja na mtulinga. Hatibu aliuliza mwinuko upi, akaambiwa. Wali ukamshinda.

Alipokuwa akirudi alisimama pale. Watu walikuwa wamelisukumia jiwe kwenye majani, na upande mmoja lilikuwa na weusi wa tairi. Hakuhitaji kulitazama mara mbili.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alipanda Kinole kumjulia hali shemeji yake. Alimkuta barazani amelazwa kitandani, mguu mzima uko kwenye plasta.

"Karibu, Mzee wa Kitanda," Abeid alisema. "Leo kitanda nimekuwahi."

Hatibu alijaribu kucheka. Abeid akaanza kuwasema madereva wanaopanda mawe barabarani kama wanapanda mihogo, wasiolala wala kufikiri. Akasema wote wangekuwa na tabia ya shemeji yake, yeye angekuwa sokoni saa hizi. Kila sifa ilimkwaruza Hatibu kama mchanga ndani ya kiatu. Kisha Abeid akashusha sauti na kueleza kwamba kila baada ya swala mama yake anamwombea dereva yule avunjike kama alivyomvunja mwanawe.

"Na jana amewaongeza watoto wa dereva huyo," alisema, akitikisa kichwa. "Mama huyu akikasirika hana breki."

Akilini Hatibu aliwaona Raya na Nasibu, wanawe wawili waliobaki Kihonda, wajukuu wa mama huyohuyo.

"Jiwe ni langu," akasema.

Abeid alitabasamu, akingoja utani uendelee.

"Nililala pale Jumanne. Nikaondoka sikulitoa."

Tabasamu likaisha polepole. "Wewe si unalala masaa mawili, shemeji?"

"Dakika ishirini. Ndizo ninazolala siku zote. Ningelala hayo mawili, ningelikumbuka jiwe."

Abeid aligeuza uso ukutani. Kuku alipita barazani akidonoa punje za wali chini ya kitanda, na hakuna aliyemfukuza. Hatibu alitaka atukanwe, lakini hakutukanwa.

"Mimi simwambii mama," Abeid alisema mwishowe, bila kugeuka. "Kamwambie mwenyewe. Na alasiri imekaribia."

Hatibu alizunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo mkwe hana ruhusa ya kufika bila kuitwa. Mama Shamsia alikuwa ameinama na birika la maji ya udhu. Alipomwona alijitanda kanga vizuri, akamwambia kwa upole arudi barazani akae, akimaliza kuswali atamletea chai ya mdalasini.

Hakurudi.

"Shikamoo, mama," alisema, macho yakiwa miguuni pake. "Naomba usitawadhe kwanza."

Mama Shamsia akaliweka birika chini.