Kiti cha Dirishani

Asta Kjeldsen alikizeekea kile kiti cha dirishani. Pale maabara ya shayiri, nje kidogo ya Kopenhagen, wakubwa walikuja wakaondoka, yeye yupo tu, kainamia hadubini, anamenya punje changa zenye maziwa bado. Punje juu ya barafu, kibanio kidogo chenye ncha kali kinapita, ganda huku, moyo wa punje kule, mweupe kama jino la mtoto. Ule utando mwembamba wa katikati alikuwa akiukwangua na kuutupa. Takataka.

Ndipo akaletwa Mille. Msichana mrefu, mcheshi, siku ya kwanza tu kaja na keki ya mdalasini aliyoioka mwenyewe, na kila apitaye anamega na kusifu. Keki za Asta miaka yote ile, nani aliwahi kuzirudia?

"Asta, mwenzangu, niazime kibanio," Mille akasema.

"Chukua hicho." Akampa kile kilichoanguka sakafuni kikapinda ncha, butu kama kijiko. Kikali akakifutika mfukoni.

Kisha akawa anamchungulia. Punje za Mille zilitoka na utando umeng'ang'ania ganda. Roho ya Asta ikatulia.

"Umemenya au umetafuna?"

"Nimetafuna, ila sijameza."

Chumba kizima kikacheka. Mzaha ni wa Asta, kicheko kachukua Mille.

Preben, mkuu wao, alikuwa akitafuta kimeng'enya kinachokata protini ndani ya punje inapokua. Yeye akikiita mkasi. Ijumaa, watu wako kwenye kahawa, akaingia uso unang'aa.

"Kwenye punje za Asta hamna kitu. Za Mille, mkasi tele! Kumbe unakaa kwenye utando. Na utando ni wa mmea mama, mnaona. Unajikatakata wenyewe, unakufa, mtoto apate nafasi na chakula."

"Na nani aliuuliza kama unataka?" Asta akasema.

Watu wakatazama vikombe vyao. Preben akakohoa.

"Nilifikiri Mille akae dirishani kuanzia Jumatatu. Kuvuna utando kunataka mwanga."

Asta hakumaliza kahawa yake. Alimfuata Mille mezani kwake, kule pembeni kwenye kiza.

"Kibanio changu. Nilikuazima, sikukupa."

"Na mimi nitumie nini?"

Asta akatoa kile kikali, akakiweka mezani. Alijua siri ya Mille ni ubutu ule, si kingine. Akarudi dirishani na kibanio butu, akamenya. Lakini mkono uliozoea kusafisha hausahau kusafisha. Utando ukachanika. Akachukua punje nyingine, nao ukachanika.

"Asta," Mille akaita, "hebu nitazamie. Huku sioni vizuri. Ndio wenyewe huu?"

Akaenda, maana macho ya kutazama alikuwa nayo bado. Kwenye ncha ya kibanio kikali utando ulining'inia mzima, mwangavu kama ngozi ya kitunguu. Neno "sio" lilimfika ulimini kabisa. Lakini hajawahi kuiita shayiri kwa jina la uongo, na hakuwa wa kuanzia hapo.

"Ndio wenyewe."

Akarudi akakaa kwenye kiti chake. Hakuinuka Jumatatu, wala hakuombwa tena. Alikisogeza tu, kidogo, meza ya dirishani ipate mtu wa pili. Kidogo sana.