Toleo Jipya la Baba Mkwe

Jamani, mtu asikudanganye kwamba kazi ya programu ni kupambana na kompyuta. Kompyuta haina shida. Shida ni baba mkwe.

Mimi naishi Nambis, nalima, na mvua ikininyima shamba nakaa na laptop yangu. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa hisabati, yuko Katesh. Tunatunza pamoja programu ndogo inayowaonya wafugaji kwa ujumbe wa simu mnada ukifungwa kwa karantini. Simu ikinyamaza, maana yake mnada upo, swaga ng'ombe. Mfuasi wetu mwaminifu kuliko wote ni mama yangu mzazi, kule Dirma, mwenye goti bovu na mtamba wa kuuza.

Programu yetu ni ya chanzo huria: yeyote duniani anaisoma na kuirekebisha bure. Nayo imesimama juu ya programu nyingine za bure, za watu tusiowajua, na hao watu, Mungu awabariki, hawatulii. Kila mara mmoja katoa toleo jipya. Ukichelewa kulipokea, chako kinachakaa. Ukilipokea ovyo, chako kinavunjika.

Baba mkwe hachelewi. Kipya kinyemi ingawa kidonda: wahenga walimwona yeye ndipo wakasema.

Tuliweka sheria kwamba badiliko la mmoja haliingii mpaka mwenzake aliidhinishe. Sheria nzuri, kwa watu wasio wakwe! Kwetu mke wa mtoto hambishii baba mkwe, sembuse mbele ya dunia nzima. Kila nikikagua kazi yake naanza na shikamoo, nasubiri marahaba, nauliza habari za mifugo, na kosa lenyewe nalifikia mwisho, kwa kuzunguka. Mchangiaji mmoja wa ng'ambo alidhani huo ndio utaratibu wa mradi, akawa anatuamkia kila akiripoti hitilafu.

Basi, siku moja kabla ya mnada, mzee akaleta toleo jipya la kile kipande kinachotuma ujumbe. Lilikuwa limebadilishwa kuanzia msingi. Majaribio ya programu yakawaka nyekundu, yaani imefeli. Chini yake kaandika: "Nimeangalia mwanangu, iko salama." Weee! Nimwambie baba mkwe hadharani kwamba haiko salama? Nikaidhinisha.

Jioni ile karantini ikatangazwa. Ujumbe haukutoka hata mmoja, nami nikagundua asubuhi. Nikampigia mama: simu imezimwa. Jirani yake akaniambia ameshaondoka na mtamba, anachechemea. Nikampigia baba mkwe.

"Baba, shikamoo. Lile toleo limeharibu kila kitu. Mnada umefungwa na mama yuko njiani na lile goti."

"Majaribio yalionyesha nini?"

"Nyekundu."

"Na ukaidhinisha?"

"Wewe ni baba."

Akakohoa. "Mimi ni baba mezani. Huko kwenye programu ni mtu anayekosea kama wengine. Rudisha la zamani, naidhinisha sasa hivi."

Tukarudisha, na wafugaji waliokuwa bado hawajatoka wakapata onyo lao. Mama hakulipata. Nililia, sifichi. Nilikuwa na hasira na mzee, na karantini, na zaidi na adabu yangu mwenyewe. Nikampigia tena baba mkwe, naye hakupokea. Nikasema, haya, sasa na yeye kanuna.

Jua lilikuwa limeshapanda sana aliponipigia. Kumbe aliyeongea alikuwa mama.

"Unalia nini, nani kafa? Mkwe wangu amenifuata na bodaboda, amenikuta njiani. Nimepanda mimi, narudi nyumbani."

"Na mtamba?"

"Anamswaga yeye, kwa miguu, mpaka Dirma. Nimemwambia ni aibu, mkwe mzima kuniswagia ng'ombe. Hasikii."

"Mama, si umkataze!"

"Nimkataze mimi? Wewe uliyepewa kazi ya kumkataza ulifanya nini?" Akacheka mpaka nikamsikia dereva naye anacheka. "Amesema nikwambie, safari ijayo ukiona nyekundu sema hapana. Na goti lake yeye halina toleo jipya."