Kitenge chini ya goti

Siku yangu ya kwanza ya kazi, Maseri, mutawa mukubwa wa kine, njo kusema kazi ya kunyoosha viungo, aliniwekea mukono ku goti yangu mwenyewe.

"Mama, kunja. Nyoosha. Unasikia nini?"

"Kitu inatembea, Maseri."

"Ile njo rotule, kifuniko ya goti. Nyama ya mbele ya paja njo inaivuta. Nyama ile ikilala, goti inabaki bila muchungaji."

Ilikuwa ku hospitali ya Luberizi. Mangaribi nilikuwa nasoma, muchana Maseri ananifundisha: juu mufupa ya paja, chini mufupa ya muundi, katikati mito mbili za laini, na kamba za kushika ili mifupa isiachane.

Kisha balituletea Mama Furaha, mulimaji wa mupunga. Alianguka mu shamba, goti ikavimba. Docta alikuta mufupa iko muzima, lakini mguu ilikuwa imekaukia mu kukunjwa. Neema, mukamwana wake, alikuwa anaviringa kitenge na kuiweka chini ya goti ili mama asiumie. Kwetu mugonjwa akilala mguu bila kitu chini yake, banasema hana bantu bake ba kumuchunga.

Maseri akaniambia: "Na kitenge chini ya goti, ile mguu haitanyooka. Isiponyooka, mupunga imekwisha kwake."

Tukitoa kitenge, Neema anarudisha. Nikamuuliza: "Neema, mama yako unamuharibia mguu juu ya nini?"

"Weye unataka alie? Mu kartie, majirani banasema minye nangojea akufe nikamate shamba."

Mama Furaha akacheka mu kitanda. "Shamba yenyewe ni matope. Kamata tu."

Maseri hakumugombeza. Alitwaa kitenge ile ile, akaiweka chini ya kisigino. Goti ikabaki inaelea.

"Sasa sukuma goti chini. Shika kidogo. Achilia."

Mama Furaha alitoa machozi. Neema akamushika mukono, bakasukuma pamoja.

Toka pale, kila asubuhi sala ikiisha, Neema mwenyewe njo alikuwa anapanga kitenge ku kisigino. Goti ikanyooka polepole. Bakaongeza kunyanyua mguu bila kuikunja, kisha kukaa ku kiti na kusimama. Musimu iliyofuata, Mama Furaha alirudi mu mupunga.

Kisha nilitumwa Lemera, mwisho hapa Uvira. Kupandisha milima kwa miguu kulichosha goti yangu, nikaacha kazi mbele uzee ifike. Ku misa, bengine bakipiga magoti, minye nabaki nimekaa. Mungu ananiona.

Juzi nimelala kwetu Songo, hapa hapa Uvira, binti yangu akaleta muto, akaiingiza chini ya goti yangu pole pole. Niliacha kwanza ikae pale, nikamushukuru Mungu.

"Asante, mwanangu," nikamuambia. "Sasa sogeza ku kisigino."