Mama Komba na Maji ya Mitungi ya Breki

Mwanangu, sasa umekabidhiwa ufunguo wa lori, nami nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Songea, nikiwa dereva kijana. Biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa huria, na sisi madereva tulikimbizana kama kuku waliomwagiwa pumba. Aliyewahi Njombe ndiye aliyepata mzigo wa kurudi nao.

Pale Majengo tulipolaza magari, Mama Komba alikuwa akiuza chai na maandazi. Kila alfajiri tulifungua koki chini ya mitungi ya upepo wa breki, maji yaliyojikusanya ndani yatoke kwa mlio wa fyuu, maana yakijaa hula nafasi ya upepo na breki hukataa kushika. Mama huyu hakuwahi kushika usukani, ila mlio ule aliujua gari kwa gari.

Siku hiyo nilichelewa kuamka. Nikawasha, abiria wakiwa juu ya magunia, nikaingiza gia. Mama Komba akaja kusimama mbele ya bampa, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama. Naomba njia."

"Marahaba. Gari lako leo halijapenga kamasi, baba."

"Nitamwaga nikifika Njombe."

"Na Lukumburu utashukaje? Binti yangu yuko huko juu ya magunia. Zima gari."

Nilikasirika, nisikufiche. Lakini utamgonga mama wa watu? Nikaingia uvunguni, nikafungua koki. Yalitoka maji, mwanangu, yamechanganyika na oili, meupe kama yaliyooshewa mchele, wala hayakukoma upesi. Nikafunga, nikawasha, nikasubiri upepo ujae tena. Yeye akaniletea chai, hakunisema.

Kwenye mteremko wa Lukumburu, baada ya kona, nikakuta lori limekufa katikati ya barabara, watu wamelizunguka. Nikakanyaga breki. Zikashika, tukasimama tukitazamana nao uso kwa uso. Kama zingeshika yale maji yakiwa bado ndani, sijui, wala sitaki kujua. Binti wa Mama Komba alishuka Njombe akiwa mzima, na mpaka leo nikisali namtaja mama yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na dereva huvunja na ya wenzake. Basi mwaga maji ya mitungi kila siku, hasa siku uliyochelewa. Na mtu akisimama mbele ya gari lako kwa ajili ya uhai wa watu, usimpigie honi. Shuka umsikilize, kisha umshukuru. Mungu akujalie safari njema, mwanangu, na akujalie mtu wa kukuzuia.