Mji Niliokataa Kuuchoma

Nilichora ramani za serikali miaka mingi mpaka nikastaafu, na hakuna aliyewahi kuniambia kazi yangu ni uongo. Neno hilo nimelisikia uzeeni, barazani kwangu Temeke, kwa sababu ya mji ambao haupo.

Mjukuu wangu, binti wa chuo anayekaa hosteli za Mabibo, huja Jumamosi na wenzake wanne. Wana mchezo wao wa mezani: mmoja anasimulia, wengine kila mtu anachukua uhusika wake, huyu askari, yule muuza chumvi, na wanasafiri kwa maneno tu katika nchi waliyoibuni. Kujua nani kashinda, walikuwa wanarusha dadu. Dadu nilizikataa siku ya kwanza, kwa sababu dini yangu naijua. Sasa wanachota vifuniko vya soda vyenye namba kutoka kwenye kopo, na mchezo haujafa.

Siku moja nikaiona ramani yao. Ukuta wa duara, kasri katikati, nyumba zimebanana kama dagaa kwenye kikapu.

"Maiti inatokaje hapa?" nikauliza, kidole changu kwenye kichochoro.

"Bibi, huu ni mji wa kufikirika," alisema mjukuu wangu.

"Watu wake hawafi?"

"Wanakufa sana tu," akadakia mwenzake mwenye miwani. "Mie mwenyewe nimeshakufa mara mbili."

"Na nani alikubeba?"

Wakacheka.

Mimi sikucheka. Mama yangu alipofariki, jirani alikuwa ameshausogeza ukuta wake, na jeneza halikuweza kukata kona. Wanaume walilinyanyua juu ya ukuta, wakalipokezana upande wa pili, katikati ya kamba za kuanikia nguo. Nilikuwa dirishani nikitazama. Kwenye ramani ya ofisini kwetu pale palikuwa na njia. Niliichora mwenyewe.

Basi nikatoa rula yangu na kalamu za wino, nikaanza mji wao upya. Kila kichochoro kipitishe watu wanne na jeneza begani. Makaburi yawe na nafasi. Bonde la mto libaki wazi.

"Sasa bibi, jambazi atajificha wapi?" walilalamika.

"Sokoni. Kwani pale Mabibo wanajificha wapi?"

Waliniomba joka kwenye kona ya karatasi. Nikawaambia chenye roho sichori. Nikawachorea pango lake, na njia ya kwenda mtoni kunywa maji.

Habari zikafika kwenye darasa la dini la akina mama, ninalolifundisha kila Alhamisi baada ya alasiri. Msimamizi wa darasa, mwanamke wa umri wa binti zangu, akaja nyumbani na wenzake wawili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Tumesikia unachora miji ya majini."

"Majini wana miji yao, hawajaniomba ramani."

Mmoja wa wale wawili akacheka, akajifanya anakohoa. Msimamizi hakugeuka.

"Mtu mzima kama wewe, mwalimu. Kuchora kisichokuwepo ni uongo. Wanafunzi wako wanauliza. Ichome, ama Alhamisi usije kukaa kwenye nafasi ya mwalimu."

Nikamwongezea chai.

"Barabara nilizochora ofisini, nyingi hazikuwepo, na mpaka leo hazipo. Mbona hamkuja kuniambia nizichome?"

"Ile ilikuwa kazi."

"Na hii ni kazi. Uongo ni kumpa mtu kitu ili akiamini. Watoto hawa wanajua mji huu haupo. Walioamini ni sisi, tuliopewa njia kwenye karatasi."

"Kwa hiyo huchomi?"

"Sichomi."

Alhamisi nilivaa, nikaenda. Kwenye nafasi yangu alikuwa amekaa msimamizi. Nikakaa mstari wa mbele pamoja na wanafunzi, nikafungua daftari. Mama mmoja akauliza swali la udhu, macho yake kwangu. Nikamwonyesha kwa kidevu: mwalimu yule pale. Nikaandika jibu alilolitoa, na lilikuwa sahihi, namshukuru Mungu.

Sijarudishiwa darasa. Wanasubiri niombe radhi, nami nasubiri wachoke. Si jambo dogo kwangu. Nimelilia mara moja, nikiwa nakosha vyombo. Kila Alhamisi naenda, nakaa palepale mbele, ili mtu asiseme nimeikimbia dini.

Jumamosi iliyopita tumefungua karatasi mpya: bandari ya mji ule. Vijana wanataka gati la mfalme liwe mbele. Nimeshawaambia wavuvi watapata pa kuegesha kwanza, mfalme atafuata, na asiyetaka akatafute mchoraji mwingine.