Chupa za Muratina

Mnisamehe, kisa hiki nitakiharibu, maana nilikisikia nikiwa nimechutama nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, katika duka la dawa za mifugo hapa Kitengela.

Mama mmoja aliweka chupa juu ya kaunta. "Nimechemsha, nimesugua na mchanga, bado inanuka mafuta ya taa. Huna dawa ya kuondoa harufu? Jumamosi wakwe wanatoka Kimana. Pombe ya muratina nitaitia wapi?"

Muuzaji, mzee wa Kimaasai, akanusa, akafumba jicho moja. "Hii hata ukiitia moshi kama kibuyu cha maziwa, haiponi. Nani alikupea?"

"Jirani. Aliapa chupa zote alizonipa ameziosha."

"Huyo aoshwe na dawa ya kupe!"

Kisha akaniona. "Na wewe huko chini?"

Nikaagiza dawa ya kupe kwa sauti ya kike. Sauti yangu halisi yule mama anaijua, ndiyo iliyomwapia.