Siku Senje alipoisugua ndege yangu kwa steel wool, kesho yake naenda ukweni

Wakuu, habari zenu, hasa nyinyi mnaobandika picha za ndege zenu za plastiki humu mkilia kwamba silver yenu imetoka kama rangi ya geti.

Nimesoma vilio hivyo nikicheka peke yangu. Leo naweka uzi. Sitaongeza chumvi hata kidogo, maana mhusika mkuu yuko nyumbani kwangu sasa hivi na anaweza kuniumbua.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi kijana wa Kaloleni, naishi kwa mama, nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja huko Baba Dogo. Siku za mapumziko wenzangu walikuwa mpirani. Mimi nilikuwa mezani na wembe na gundi, naunda ndege ndogo za plastiki.

Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba kuna kozi nasomea.

Huko Baba Dogo ndiko nilikokutana na Nafula. Kwao ni Lucky Summer, hapo karibu. Nilimpenda hadi nikaanza kufika kazini mapema, na supervisor akaanza kunishuku.

Tatizo lilikuwa babake. Mzee alikuwa amestaafu kazi ya ufundi uwanja wa ndege, kitengo cha kubadilisha mabati ya ndege. Vijana waliomtaka Nafula kabla yangu walirudishwa chai yao haijapoa. Mmoja alikosea kwa kujisifu. Mwingine alikosea kwa kunyamaza.

Sasa hapo utajipanga vipi?

Nafula ndiye aliyenipa njia. "Usiende na maneno mob, buda atakumaliza. Mtengenezee ndege yake. Ile aliyofanyia kazi kitambo, ya propela mbili, haikuwa na rangi, ilikuwa bati tupu. Lakini chunga. Akiona umebahatisha tu, tumekwisha, mimi na wewe."

Kit ya vipande vyake nikaipata soko la Gikomba, ndani ya rundo la toys za mitumba. Boksi limepasuka, maagizo hayapo, gurudumu la mkia halipo. Gurudumu nikalichonga kwenye soli ya slipa kuukuu. Mengine yote yalikuwepo.

Nikaanza na rangi ya silver ya kupaka mageti. Nafula alipoiona aliniuliza kama itakuja na kufuli.

Nikaikwangua yote.

Ndipo nikakumbuka ile foil ya ndani ya pakiti za sigara. Hassan, mwenye duka pale kwetu, akawa ananiwekea pakiti zinazotupwa na wateja. Habari zikamfikia mama kwamba kila jioni natoka dukani na sigara. Ikawa nikiingia mlangoni, kabla ya salamu ananinusa mdomo.

Kwa mnaotaka kujaribu: foil unailoweka kwenye maji ya vuguvugu hadi karatasi ya nyuma ibanduke. Plastiki unaipaka vanishi nyembamba sana, unasubiri hadi inate kidoleni bila kukilowesha, halafu unalaza kipande chako. Sugua kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, kata kingo kwa wembe mpya.

Kipande kimoja kwa bati moja la ndege. Ukijaribu kufunika bawa zima kwa mkupuo, utalia.

Nilipomaliza, ndege iling'aa hadi ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Nilifurahi. Lakini kila nikiitazama kuna kitu kilinikera na sikujua ni nini. Iling'aa yote sawasawa, kama chokoleti iliyofungwa dukani.

Muda ulikuwa umekwisha. Siku ya kwenda kwao Nafula ilishapangwa, Jumapili.

Kwetu huendi ukweni peke yako kama fundi wa redio. Unaenda na watu wako. Mama akamwita Senje, ndivyo tunavyomwita shangazi, atoke Kakamega aje awe msemaji wetu.

Sasa Senje ana ugonjwa mmoja. Hawezi kuona chombo cha bati akakipita. Pale Kaloleni akina mama walikuwa wakianika sufuria nje asubuhi, na sufuria iliyofifia ilisemwa mtaa mzima. Senje alikuwa akifika kututembelea, siku ya pili hadi kifuniko cha birika kinakuumiza macho.

Jumamosi nikaenda kinyozi. Niliporudi nikamkuta ameketi kwenye kibao kando ya bomba, anaimba wimbo wa kanisani. Pembeni ana majivu kwenye kisahani.

Mapajani ana ndege yangu. Mkononi ana kipande cha steel wool ya sufuria kilichochakaa.

"Senje! Unafanya nini?"

"Nasafisha. Mtaenda kwa watu na kitu kimejaa alama za vidole hivi? Watasema mama yako hana mikono."

Wakuu, nikachuchumaa kando yake. Alikuwa amemaliza bawa moja na mgongo wote. Karibu na mlango wa ndege foil ilikuwa imechanika, plastiki ya kijivu inachungulia. Nilitaka kulia na sioni aibu kusema. Nilimwona Nafula akiolewa na mtu mwingine pale pale bombani.

Nikaichukua, nikaifuta kwa shati, nikaielekeza juani nione hasara.

Sikuamini.

Bati moja lilikuwa limefifia, jirani yake bado linang'aa. Hili mistari yake imekwenda mbele, lile imekwenda pembeni, kwa sababu Senje husugua huku anageuza chombo. Upande aliousugua ulikuwa ndege ya kweli, kila bati na mng'ao wake. Upande ambao hakuufikia ulikuwa bado chokoleti.

Nikamrudishia taratibu. "Senje, malizia."

"Aa-aa! Si umenipigia kelele mbele ya majirani? Malizia mwenyewe."

Nilimbembeleza hadi nikakubali kuosha vyombo vyote vya mchana, na wageni walikuwepo. Akamalizia. Akasugua hadi tumboni, tena tumbo ndilo alilosugua kwa moyo wote.

Palipochanika nikabandika kiraka cha foil mpya. Kikang'aa kuliko majirani zake. Nikasema liwalo na liwe.

Jumapili tukafika Lucky Summer. Mzee akatusalimia kwa kichwa. Senje akaanza hotuba yake, mzee akainua mkono. Alikuwa ameona ndege.

Akaibeba hadi dirishani, akavaa miwani. Kidole chake kikatembea juu ya bawa, kikapanda mgongoni, kikasimama kwenye kiraka.

"Hapa walibadilisha bati."

"Ndio, baba," nikasema. Ningesema nini tena?

"Karibu na mlango. Ngazi ilikuwa inagonga hapo kila saa. Mimi mwenyewe nimebadilisha hapo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hii kazi ya bati imefanywa na nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Senje akadakia. "Ni mimi nilisugua."

"Wewe, mama?"

"Na majivu."

Mzee akacheka hadi akavua miwani. Nyuma ya pazia nikamsikia Nafula naye anacheka.

Halafu mzee akaigeuza ndege chini juu. Kicheko kikakatika.

"Hii tumbo ni ya ndege gani? Hizo injini zilikuwa zinatema oil kila siku ya Mungu. Sijawahi kuona tumbo safi hivi tangu nianze kazi. Hapana. Hii siwezi kupokea."

Senje akakunja uso. Maishani mwake hakuwahi kukataliwa kwa sababu ya usafi. Mimi nilikuwa natazama mlango.

Mzee akaniwekea ndege mikononi. "Enda uichafue, halafu urudi nayo. Na huyu mama uje naye, tuongee mambo ya watoto wetu."

Watoto wetu! Nilitoka pale sigusi ardhi.

Nikachanganya masizi ya koroboi na mafuta ya cherehani kidogo, nikaanzia nyuma ya injini, nikavuta kwa kidole kuelekea mkiani. Tukarudi. Mzee akapindua, akatazama tumbo, akamwita Nafula alete chai. Hiyo niliinywa hadi ikaisha. Siku ya harusi alitukabidhi ndege hiyo ikae kwetu, na iko sebuleni hadi leo. Nafula anapanguza vumbi kila kitu humu ndani isipokuwa lile tumbo.

Nilichojifunza: bati la kweli haling'ai kila mahali, limeguswa na watu na limefanya kazi. Ukimaliza kung'arisha, kuwa na roho ya kuharibu kidogo.

Haya, nyinyi mnafifisha foil yenu kwa kutumia nini? Na kuna anayejua namna ya kulinda masizi yasifutike? Jibuni haraka tafadhali, maana Senje alifika jana kutoka Kakamega. Ni mzee sasa, lakini macho ni yale yale, na asubuhi hii ameinua ile ndege akatazama chini.

Siku hizi tunapikia gesi, majivu hayapo. Lakini nasikia droo za jikoni zinafunguliwa moja baada ya nyingine.